Chumvi, Maji na Vifungo vya Atomu

Mama mmoja wa Moba anapika sombe. Sufuria imekwisha chemka. Anatwaa chumvi kwa vidole vitatu, anaitia, anakoroga. Punje zilizokuwa nyeupe hazionekani tena. Binti yake, aliyerudi sasa hivi kutoka shuleni, anachungulia ndani ya sufuria, anauliza:

— Mama, chumvi imekwenda wapi?

— Onja, mwanangu, utajua mwenyewe.

Binti anaonja. Kumbe, chumvi imo! Haionekani, lakini imo, na mboga yote, juu na chini, ina ladha ile ile. Basi chumvi haikupotea. Imegawanyika vipande vidogo mno, hata jicho la mtu haliwezi kuviona.

Lakini kabla ya kuingia sufuriani, punje ya chumvi ilikuwa ngumu kama jiwe dogo. Ni kitu gani kilichovishika vipande vyake pamoja? Na maji yametumia nguvu gani kuvitenganisha? Hayo ndiyo mambo ya somo hili. Tena si mambo ya jikoni tu. Kwa watu wanaokaa kando ya ziwa Tanganika, kujua jinsi chumvi inavyofungwa na inavyofunguliwa kwaweza kuokoa maisha ya mtoto, kama itakavyoonekana mbele.

CHUMVI YA UVINZA

Siku hizi watu hununua chumvi sokoni, nayo imetiwa katika mifuko ya plastiki. Zamani haikuwa rahisi hivyo. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Tanzania, kuna mahali panapoitwa Uvinza. Hapo mto Ruchugi unaingia katika mto Malagarasi, na karibu na makutano hayo zinabubujika chemchemi za maji ya chumvi. Katika miaka ya 1960 wataalamu walichimba ardhi ya huko, wakaona mabaki ya majiko na vigae vya vyungu. Wakatambua ya kuwa watu walikuwa wakipika chumvi Uvinza zaidi ya miaka 1000 iliyopita.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu walichota maji ya chemchemi, wakayatia katika vyungu vya udongo, wakawasha moto mkubwa chini yake. Maji yalichemka, yakawa mvuke, yakaenda zake. Chini ya chungu ilibaki chumvi. Kuni zilizochomwa hapo hazina hesabu! Kisha wafanya biashara waliichukua chumvi mpaka pwani ya ziwa, ikapakiwa mitumbwini, ikavushwa hata upande wa Congo. Mtu aliyekosa chumvi ya namna hiyo alichoma majani ya mabwawani, akachuja majivu yake kwa maji, akayachemsha yale maji. Alipata chumvi nyingine, yenye uchungu kidogo, nayo si mbaya kwa mboga ngumu.

Mpika chumvi wa Uvinza hakujua neno atomu. Lakini alijua vizuri jambo moja: moto unafukuza maji, haufukuzi chumvi. Kwa nini? Maji na chumvi vyote viwili vilikuwa katika chungu kimoja, juu ya moto mmoja. Jibu ni kwamba havikufungwa kwa vifungo vya namna moja.

ATOMU NI NINI

Vitu vyote, mawe, miti, samaki, hewa, na mwili wa mtu, vimefanywa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Ni ndogo kiasi gani? Twaa punje moja ya chumvi, yenye upana wa theluthi ya milimeta. Ndani yake mna atomu zaidi ya milioni ya milioni ya milioni. Kama mtu angezihesabu, atomu kumi kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, angehitaji miaka zaidi ya bilioni 3. Heri asianze.

Katikati ya kila atomu kuna kiini. Kiini kina umeme wa namna iitwayo chanya. Kando ya kiini zinakaa chembe nyingine, ndogo zaidi, ziitwazo elektroni. Hizo zina umeme wa namna ya pili, uitwao hasi. Na umeme una sheria yake: chanya na hasi huvutana; chanya na chanya hufukuzana; hasi na hasi hufukuzana vile vile.

Siku moja ya kiangazi, hewa ilipokuwa kavu, mwalimu mmoja alileta kitana cha plastiki darasani. Akachana vipande vidogo vya karatasi, akavitandaza juu ya meza. Kisha akamwita kijana mmoja, akapitisha kitana katika nywele zake mara nyingi kwa upesi, akakisogeza karibu na karatasi. Zile karatasi zikaruka, zikashikamana na kitana.

— Mwalimu, kuna gundi? akauliza kijana.

— Shika mwenyewe uone. Hakuna gundi. Kitana kimezinyang'anya nywele zako elektroni chache, basi sasa kina umeme, na umeme unavuta.

Nguvu hiyo iliyovuta karatasi ndiyo nguvu inayofunga atomu. Hakuna gundi ndani ya jiwe, wala hakuna kamba ndani ya chuma. Kuna umeme unaovutana. Basi tukisema kifungo cha atomu, si kifungo cha shati wala kifungo cha gereza. Ni kule kuvutana kunakozishika atomu zisiachane.

Lakini atomu hazishikani ovyo. Elektroni hukaa kwa safu kukizunguka kiini. Safu ya kwanza inatosha elektroni 2, ya pili inatosha 8. Atomu ambayo safu yake ya nje imejaa imetulia, haitafuti mwenzake. Atomu ambayo safu yake ya nje haikujaa haina raha. Itatoa elektroni, au itapokea, au itashirikiana na jirani. Karibu vifungo vyote vinatoka katika mambo hayo matatu.

WAWILI WABAYA WALIOPATANA

Chumvi imefanywa kwa atomu za namna mbili, sodiamu na klorini. Katika gramu 100 za chumvi, gramu 39 ni sodiamu na gramu 61 ni klorini. Inafaa kuvijua vitu hivyo viwili vikiwa peke yake, maana tabia zao ni za kutisha.

Sodiamu ni madini meupe yanayong'aa, laini hata hukatwa kwa kisu kama kipande cha sabuni. Mwingereza Humphry Davy aliipata kwa nguvu za umeme mwaka 1807. Huwekwa ndani ya mafuta, isiguswe na hewa wala na unyevu. Ukitupa kipande chake katika maji, kinakimbia huku na huku, kinachemka, na mara nyingi kinashika moto juu ya maji yenyewe.

Klorini ni hewa ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Harufu yake ni kali, inachoma pua na koo. Scheele wa Sweden aliipata kwanza mwaka 1774. Siku ya 22 Aprili 1915, wakati wa vita kuu vya kwanza, askari wa Ujerumani waliifungulia klorini zaidi ya tani 150 karibu na mji wa Ypres, katika nchi ya Ubelgiji. Upepo uliipeleka kwa askari wa Ufaransa, na wengi wao walikuwa Waafrika kutoka Aljeria. Klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo iliingia katika mahandaki walimojificha, ikawaharibu mapafu. Wengi walikufa siku ile ile.

Na vitu hivyo viwili, kimoja chenye kuwaka majini na kimoja chenye kuua watu vitani, vikiungana vinakuwa chumvi ya kutia katika sombe! Hakuna atomu iliyobadilika kuwa atomu nyingine. Sodiamu ingali sodiamu, klorini ingali klorini. Kilichobadilika ni elektroni moja tu.

Tazama hesabu yake. Sodiamu ina elektroni 11: safu ya kwanza 2, ya pili 8, na ya tatu 1. Hiyo moja ya nje ni kama mgeni asiye na mwenyeji. Sodiamu inaitoa upesi. Klorini ina elektroni 17: 2, halafu 8, halafu 7. Imepungukiwa moja. Sodiamu ikikutana na klorini, elektroni moja inahama. Sasa zote mbili zimetulia, safu zao za nje zimejaa. Lakini sodiamu imetoa hasi moja, basi imebaki chanya. Klorini imepokea hasi moja, basi imekuwa hasi. Atomu iliyotoa au kupokea elektroni huitwa ioni. Na chanya na hasi huvutana. Hicho ndicho kifungo cha chumvi.

Ioni za chumvi hazikai mbili mbili tu. Zimejipanga kama matofali ya kanisa: sodiamu, klorini, sodiamu, klorini, kwa urefu, kwa upana, na kwenda juu. Kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini imezungukwa na sodiamu 6. Ndiyo sababu punje ya chumvi, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, ina pembe nne kama kisanduku. Kuvivunja vifungo hivyo kwa moto ni kazi kubwa. Chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike digrii 801, na moto wa mpika chumvi ulio chini ya chungu cha maji hauwezi kuifikisha huko.

Lakini ukiipiga chumvi kwa nyundo inapasuka mara moja. Je, kifungo si kigumu? Ni kigumu, ila nyundo imesogeza safu moja ya matofali. Chanya imejikuta mbele ya chanya, hasi mbele ya hasi, nazo zinafukuzana, basi jiwe linapasuka. Chuma hakifanyi hivyo. Mfua chuma akikipiga kinatanda, kinakuwa jembe. Hata shaba ya Katanga ilivutwa na mafundi wa zamani ikawa uzi mwembamba wa kufanyia vikuku. Katika madini kama hayo elektroni za nje hazina mwenyewe. Ni za kijiji kizima, zinatembea kati ya atomu zote. Safu ikisogea, elektroni zinasogea nayo, kifungo hakivunjiki. Kwa sababu hiyo hiyo umeme unapita katika uzi wa shaba bila shida.

MAJI, YALIYOFUNGWA MARA MBILI

Sasa maji. Chembe moja ya maji ina atomu tatu: oksijeni moja na hidrojeni mbili. Kundi la atomu zilizofungana hivyo huitwa molekuli. Hapa hakuna aliyetoa wala aliyepokea. Oksijeni ina elektroni 6 katika safu ya nje, imepungukiwa 2. Hidrojeni ina elektroni 1, imepungukiwa 1. Basi zinashirikiana, kama jirani wawili wenye wavu mmoja wa kuvulia, kila mmoja akiuhesabu kuwa wake. Kifungo hicho cha ushirika kina nguvu nyingi.

Lakini ushirika huo si wa haki kabisa. Oksijeni inavuta elektroni upande wake zaidi. Kwa hiyo upande wa oksijeni una hasi kidogo, na upande wa hidrojeni una chanya kidogo. Basi molekuli moja ya maji inavutwa na molekuli ya jirani yake: hidrojeni ya huyu kwa oksijeni ya yule. Hiki ni kifungo cha pili, chepesi, kinachokatika na kufungika tena kila dakika. Kwa ajili ya kifungo hicho tone la mvua linasimama mviringo juu ya jani la mgomba, na mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu anatembea juu ya maji yaliyotulia bila kuzama.

Mtu aking'amua tofauti ya vifungo hivyo viwili, atalijua jibu la mpika chumvi. Moto ulio chini ya chungu hukata vile vifungo vyepesi tu. Molekuli zinaachana, zinaruka hewani, ni mvuke. Vifungo vya ndani, vya oksijeni na hidrojeni, havikukatika. Ndiyo maana mvuke ukipoa juu ya kifuniko unakuwa maji yale yale. Kando ya ziwa, mahali palipoinuka meta 770 hivi juu ya bahari, maji huchemka yakifika kama digrii 97, na huko Kirungu, juu kilimani, mapema zaidi kidogo. Digrii 97 kwa maji, digrii 801 kwa chumvi: hapo ndipo njia zao zinapoachana.

Na sufuria ya sombe? Humo moto haukufanya kazi kubwa. Hata maji baridi yanayeyusha chumvi. Molekuli za maji zinaizunguka punje pande zote. Zinaelekeza upande wao wa hasi kwa sodiamu, na upande wao wa chanya kwa klorini. Moja haina nguvu, lakini zikiwa nyingi zinaing'oa ioni kutoka ukutani, zinaizingira, zinakwenda nayo. Kisha zinarudi kwa tofali lingine. Hivyo jengo zima linabomolewa bila nyundo. Lakini kazi hiyo ina mpaka: lita moja ya maji haiwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 360 hivi za chumvi. Inayozidi hukaa chini.

Mwenye kutaka kuhakikisha atie chumvi kidogo katika kikombe cha mafuta ya mawese yaliyotiwa joto kidogo, akoroge apendavyo. Punje zitabaki punje. Molekuli za mafuta hazina upande wa chanya wala wa hasi wa kutosha, basi hazina mkono wa kuishika ioni.

Sukari nayo inayeyuka katika maji, lakini kwa namna nyingine. Haina ioni. Ina molekuli kubwa, ambazo atomu zake zimefungwa kwa ushirika. Maji yanazitenga molekuli hizo, hayaivunji hata moja. Anayetaka kuvunja vifungo vyake aweke sukari kidogo juu ya kijiko cha chuma, akikaribishe kwa moto. Sukari itakuwa rangi ya asali, halafu nyeusi kama makaa, na mvuke utatoka. Hiyo haitarudi kuwa sukari kamwe. Chumvi katika kijiko hicho hicho ingebaki nyeupe.

MTOTO MWENYE KIPINDUPINDU

Tangu miaka ya 1970 ugonjwa wa kipindupindu, ndiyo kolera, umeingia katika nchi za mashariki ya Congo. Kalemie na Uvira, miji iliyo kando ya ziwa letu, ni miongoni mwa mahali unaporudi mara kwa mara. Mgonjwa anaharisha maji meupe kama maji ya mchele, anatapika, macho yanaingia ndani, ngozi inakunjamana. Maji ya mwili yanatoka, na ioni za chumvi zinatoka pamoja nayo. Asipopata msaada anaweza kufa kwa saa chache.

Zamani watu walimpa mgonjwa maji matupu. Hayakumsaidia sana, maana matumbo yaliyoshikwa na sumu ya kipindupindu hayayanyonyi vizuri. Lakini katika ukuta wa utumbo kuna milango midogo ambayo sumu hiyo haiwezi kuifunga. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, alieleza sheria ya milango hiyo: inaingiza ioni za sodiamu na sukari pamoja, si kimoja peke yake. Na sodiamu na sukari vikipita, maji yanavifuata.

Sasa tunaona faida ya yote tuliyojifunza. Punje ya chumvi nzima haiwezi kupita mlangoni. Lazima kwanza maji yazifungue ioni zake. Sukari ya jikoni nayo ni kubwa mno. Imefanywa kwa molekuli mbili zilizofungwa pamoja, na tumbo lenyewe hukata kifungo kile cha katikati ili nusu moja ipite pamoja na sodiamu. Vifungo viwili vikifunguliwa, mtoto anakunywa na maji yanabaki mwilini.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia Bongaon katika nchi ya India, kipindupindu kikawashika. Chupa za maji ya kutia katika mishipa zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, na jamaa zao wenyewe wakawa wauguzi. Kabla yake walikuwa wakifa wagonjwa hata 30 katika 100. Kwa dawa hiyo waliokufa wakawa chini ya 4.

Dawa ya namna hiyo iliyotayarishwa katika pakiti hutolewa zahanati, na ndiyo bora. Kama pakiti haipo, hufanywa hivi nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, visijae kilima. Wala chumvi isizidi! Chumvi nyingi inavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza. Ni nguvu ile ile inayokausha samaki aliyetiwa chumvi. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko, hata njiani, huku anapelekwa kwa daktari. Asingojewe mpaka kesho.

KLORINI INARUDI

Klorini ya Ypres nayo ina kazi yake katika vita na kipindupindu, safari hii upande wa watu. Ukipitisha umeme katika maji ya chumvi, umeme unaichukua tena ile elektroni iliyopewa klorini. Klorini inakuwa bila raha kama zamani. Papo hapo majini inafungwa na oksijeni, inakuwa maji ya javeli, yanayoitwa kwa jina la kijiji cha Javel kilichokuwa karibu na Paris. Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyofanya kazi hiyo kwa chumvi ya kawaida na umeme wa jua, hata mahali pasipo na nyaya za umeme.

Kifungo cha klorini na oksijeni katika javeli ni dhaifu. Klorini ingali inatafuta elektroni, nayo inazinyang'anya kutoka ngozi ya vijidudu, vikafa. Kwa hiyo matone machache, kwa kipimo kilichoandikwa katika chupa au alichosema mwuguzi, yanasafisha maji ya kunywa. Mtu angoje dakika 30 kabla ya kunywa. Na maji yakiwa ya tope, kwanza yatulie na yachujwe, maana klorini inanyang'anya tope kama inavyonyang'anya kijidudu, ikaisha nguvu kabla ya kazi yake.

Tena kuna onyo. Wengine wakisafisha choo huchanganya javeli na siki au na maji ya ndimu, wakidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Uchachu unakata kile kifungo dhaifu, na klorini yenyewe, hewa ya kijani ya Ypres, inatoka ndani ya ndoo. Ikitokea hivyo, mtu asiiname kutazama. Atoke nje upesi, mlango ubaki wazi.

MASWALI. Kwa nini maji yanatoka katika chungu cha Uvinza na chumvi inabaki? Ni elektroni ngapi zinazohama sodiamu ikikutana na klorini, na kila mmoja anabaki na umeme gani? Kwa nini jiwe la chumvi linapasuka kwa nyundo, na chuma kinatanda? Chumvi haiyeyuki katika mawese: eleza. Jirani yako anataka kumpa mtoto anayeharisha maji yenye chumvi bila sukari. Utamwambia nini, na vijiko vingapi?